MTBE: Kemikali ya Petroli Inayokwenda na Maji

Ndugu mafundi wa visima na mitambo ya maji, wenye vituo vya mafuta, na nyote mliofika kwa sababu kisima chenu kiko karibu na tangi la petroli, nawasalimu.

Nitazungumzia kemikali moja tu. Jina lake kamili ni metili-tetiari-butili-etha, na kwa kifupi huitwa MTBE. Ni kimiminika kisicho na rangi, chepesi kuliko maji, kinachochemka kwenye nyuzi joto 55, na harufu yake inakaribiana na ya tapentaini. Nchini Marekani ilianza kuchanganywa kwenye petroli mwaka 1979, wakati madini ya risasi yalipokuwa yakiondolewa humo, ili kupandisha oktani, yaani uwezo wa petroli kuungua bila injini kugonga. Mwaka 1990 Sheria ya Hewa Safi ilirekebishwa, na petroli ikatakiwa iwe na oksijeni ndani yake: kuanzia 1992 asilimia 2.7 kwa uzito wakati wa baridi katika miji yenye monoksidi nyingi ya kaboni, na kuanzia 1995 asilimia 2 mwaka mzima katika miji yenye moshi mzito. Ili kufikia viwango hivyo, viwanda vingi viliweka MTBE asilimia 15 ya ujazo wa petroli, au asilimia 11 kwa ile ya mwaka mzima.

Nia ilikuwa njema na hewa ilinufaika. Lakini maswali yote yaliyoulizwa yalikuwa ya hewa. Swali la maji, yaani petroli hii ikivuja chini ya ardhi itakwenda wapi, liliulizwa visima vilipokuwa vimeshaharibika. Hoja yangu leo ni kwamba MTBE huzuiliwa kwenye tangi na kwenye bomba. Ikishapita hapo, kila hatua ya kuifukuzia huwa ngumu na ghali kuliko iliyotangulia, na sababu zake zimo kwenye tabia ya kemikali yenyewe.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na nyingi kati ya hizo haziyeyuki vizuri majini. Maji yaliyogusana na petroli isiyo na kiongezi cha oksijeni hubeba takriban miligramu 120 za kemikali zake zote kwa kila lita. Petroli hiyo ikiwa na MTBE asilimia 10 kwa uzito, maji yaleyale hubeba takriban miligramu 5,000 za MTBE peke yake. Ni zaidi ya mara 40.

Ikishayeyuka, udongo hauishiki. Benzeni, kemikali nyingine iliyomo kwenye petroli, hunaswa kidogo kidogo na mboji iliyomo udongoni, kwa hiyo huchelewa nyuma ya maji. MTBE husafiri karibu kwa mwendo uleule wa maji. Bakteria nao hupata taabu kuila. Kifungo chake cha etha, pamoja na kaboni yenye matawi pande tatu, ni vigumu kuvunja, na mahali ambapo petroli imemwagika oksijeni huwa imekwisha kuliwa na bakteria wanaoshughulikia benzeni na wenzake. Matokeo yake yalionekana wazi kwenye kambi ya jeshi la majini ya Port Hueneme, California, ambako petroli ilivuja kutoka kituo cha mafuta katikati ya miaka ya 1980. Benzeni ilibaki karibu na chanzo. MTBE ilienea takriban kilomita moja na nusu.

Kuna jambo la tatu ambalo hata wataalamu wengi walilikosa mwanzoni: mkondo huu wa uchafu huzama. Mvua inaponyesha juu ya njia yake, maji mapya huingia kutoka juu na kuusukuma mkondo chini zaidi kadiri unavyosafiri. Visima vya uchunguzi vilivyozoeleka kwenye kazi za petroli huwa na kichujio kifupi kilichowekwa kwenye uso wa maji ya ardhini, kwa sababu petroli huelea. Visima hivyo vinaweza kutoa majibu safi kabisa huku MTBE ikipita mita kadhaa chini yake, ikielekea kisima kirefu cha maji ya kunywa. Ukitaka kuikuta, chimba visima vya uchunguzi vyenye vichujio vifupi katika vina tofauti, kimoja chini ya kingine, kufuata mwelekeo wa maji. Kwenye mwamba wenye nyufa hata hilo halitoshi, maana maji hufuata ufa, na ufa haufuati mteremko wa ardhi unaouona kwa macho.

Sasa tuweke hesabu. Lita moja ya petroli yenye MTBE asilimia 11 ina mililita 110 za kemikali hiyo, yaani takriban gramu 81. Mwezi Desemba 1997 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilishauri kwamba MTBE isizidi mikrogramu 20 hadi 40 kwa lita ya maji ya kunywa, ili watu wasiionje wala kuinusa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Gawanya gramu 81 kwa mikrogramu 20: lita moja ya petroli inatosha kufikisha lita milioni 4 za maji kwenye kiwango hicho. Kwa kipimo cha California cha ladha na harufu, ambacho ni mikrogramu 5, ni lita milioni 16. Bila shaka ardhini si MTBE yote inayofika kisimani, lakini hesabu hii inaeleza kwa nini mmwagiko unaoonekana mdogo huwa na madhara makubwa. Katika mji wa Standish, jimbo la Maine, gari moja lilipata ajali na tangi lake likamwaga petroli. Visima 24 vya jirani vikapatikana na MTBE. Jimbo hilo lilipopima visima binafsi 951 mwaka 1998, asilimia 15.8 vilikuwa nayo, ingawa vilivyopita kiwango cha jimbo cha mikrogramu 35 vilikuwa asilimia 1.1 tu.

Miaka michache kabla ya hapo, katika vipimo vya 1993 na 1994, wanajiolojia wa serikali kuu walikuwa wameikuta katika asilimia 27 ya visima vifupi na chemchemi walizopima mijini. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vya Charnock na Arcadia na kupoteza takriban nusu ya maji yake yote. Charnock, kipimo cha juu kilifika mikrogramu 610 kwa lita. Mji ukalazimika kununua maji kutoka nje kwa zaidi ya miaka 10. Kusini mwa ziwa Tahoe visima vilifungwa vilevile, na kwenye ziwa lenyewe chanzo kikawa boti: injini ya mipigo miwili yenye kabureta hutema robo hivi ya mafuta yake bila kuyachoma, moja kwa moja majini. Injini hizo zilipigwa marufuku Tahoe kuanzia Juni 1999. Mwezi Machi mwaka huohuo gavana Gray Davis aliamuru MTBE iondolewe kwenye petroli ya California. Majimbo mengine yakafuata, na sheria ya nishati ya mwaka 2005 ikafuta sharti la oksijeni. Kuanzia 2006 MTBE ilitoweka karibu kabisa kwenye petroli ya Marekani. Kesi ziliendelea. Mwaka 2013 baraza la mahakama huko New Hampshire liliiamuru ExxonMobil ilipe dola milioni 236 kwa ajili ya maji ya jimbo hilo.

Kuhusu afya, nitasema kinachojulikana bila kukikuza wala kukipunguza. Mtu akiinywa au kuivuta, huingia kwenye damu haraka, kisha mwili huigeuza kuwa aina ya alkoholi iitwayo TBA pamoja na fomaldehidi; nyingine hutoka kwa pumzi na mkojo. Mvuke wake umehusishwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na macho kuwasha. Huko Fairbanks, Alaska, malalamiko hayo yalisababisha mpango wa petroli hiyo usimamishwe Desemba 1992. Katika majaribio, panya waliopewa viwango vikubwa walipata uvimbe wa figo na wa korodani, na wengine saratani za damu na za ini. Kwa binadamu ushahidi hautoshi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwanza kwenye kundi la 3, yaani haiwezi kuainishwa, kisha mwaka 2025 likaihamishia kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani. Ushauri wa EPA wa mikrogramu 20 hadi 40 ulikuwa chini mara 20,000 hadi 100,000 ya viwango vilivyodhuru wanyama. California ilichukua tahadhari zaidi na kuweka kikomo cha afya cha mikrogramu 13.

Kwa hiyo, aliyekunywa maji yenye mikrogramu 10 asishikwe na hofu. Lakini nawasihi msiichukue harufu kama kengele ya usalama. Wapo wanaoihisi ikiwa mikrogramu chache tu, na wapo wasioihisi hata ikipita 100. Tena aliyeizoea kidogo kidogo huacha kuihisi. Zaidi ya hayo, MTBE hutangulia na benzeni hufuata nyuma. Benzeni husababisha saratani kwa binadamu, jambo hilo halina ubishi. Kikomo chake Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita, na pua ya mtu haiihisi majini mpaka imepita kikomo hicho mara nyingi sana. Maji yaliyoonyesha MTBE yapimwe benzeni siku hiyohiyo.

Sasa nije kwa wenye vituo vya mafuta, maana hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Matangi ya zamani ya chuma yalioza, na Marekani iliweka tarehe 22 Desemba 1998 kuwa mwisho wa kuyaboresha au kuyaondoa. Hilo lilisaidia sana. Lakini matangi mapya nayo yaliendelea kuchafua, kwa sababu uvujaji ulihamia mahali pengine: viungo vya mabomba chini ya pampu, vifuniko vya juu ya tangi, na mvuke. Mvuke wa petroli huwa na MTBE nyingi, na unapotoka kwenye kiungo kilicholegea juu ya tangi huyeyuka kwenye unyevu wa udongo, kisha mvua huushusha. Tangi halipotezi hata lita inayoweza kuhesabika, na bado maji yanachafuka.

Angalieni pia vipimo vya kisheria vyenyewe. Kanuni ya Marekani inadai kifaa cha kupima tangi kiweze kugundua uvujaji wa galoni 0.2 kwa saa. Hiyo ni lita 18 kwa siku. Kwa petroli ya MTBE asilimia 11 ni takriban kilo moja na nusu ya kemikali kila siku, kiasi cha kufikisha lita milioni 74 za maji kwenye mikrogramu 20. Uvujaji mdogo kuliko huo unaweza kudumu miaka bila kengele kulia. Anayetegemea kulinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyouzwa yuko pabaya zaidi: anaruhusiwa tofauti ya asilimia 1 ya mauzo ya mwezi pamoja na galoni 130. Kufaulu kipimo hicho si uthibitisho kwamba tangi halivuji.

Kwa hiyo fanyeni zaidi ya sheria. Fungueni vishimo vya chini ya pampu kila mwezi, mviangalie kwa macho na kuvipangusa vikauke. Kishimo kikavu huonyesha tone jipya mara moja. Ndoo ya kukingia mmwagiko kwenye mdomo wa tangi isafishwe kila baada ya lori kushusha mafuta. Na maji ya mvua yaliyojaa humo yasimwagwe chini. Nimetaja kwamba maji yaliyogusana na petroli hii yanaweza kubeba gramu 5 kwa lita. Lita 10 tu za maji ya ndoo hiyo zina gramu 50, kiasi cha kuharibu lita milioni 2.5. Hali ni hiyohiyo kwa maji yanayonyonywa kutoka chini ya tangi. Yawekwe kwenye pipa lililofungwa na yachukuliwe kama taka ya mafuta. Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni malori. Lori lililobeba petroli yenye MTBE, likapakia mafuta ya kupashia nyumba joto bila kusafishwa, huacha MTBE ndani yake, ndiyo maana ilikutwa ardhini hata penye matangi ambayo hayakuwahi kutiwa petroli.

Upimaji wa kisima una kanuni zake, na sampuli mbovu ni mbaya kuliko kutopima. Zimeni jenereta ya petroli au isogezwe mbali upande upepo unakoelekea, na aliyetoka kujaza gari mafuta asiishike chupa. Pampu ifanye kazi mpaka joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme vitulie. Chukua maji kabla ya tangi la akiba na kabla ya chujio lolote. Chupa ni ya kioo, ya mililita 40, yenye kifuniko cha tefloni. Fungua bomba taratibu, maji yateremke kwenye ukuta wa chupa bila kutoa povu, yajae mpaka yavimbe juu ya mdomo, kisha funga. Igeuze juu chini na uigonge kidogo: ukiona kiputo cha hewa, tupa na uanze upya, kwa sababu kemikali itahamia kwenye kiputo na maabara itapata pungufu. Jaza angalau chupa mbili, zihifadhiwe kwenye nyuzi 4, na zipimwe ndani ya siku 14. Iambatane nazo chupa ya maji safi iliyosafiri toka maabara na kurudi bila kufunguliwa, ili kubaini kama uchafu uliingia njiani.

Kuna mtego kwenye asidi. Kwa kawaida sampuli hutiwa asidi ya hidrokloriki ili kuua bakteria. Maabara ikiipasha joto sampuli hiyo wakati wa kupima, asidi huvunja MTBE na kuwa TBA, na majibu hutoka madogo kuliko hali halisi. Waulizeni kabla. Wakipasha joto, waombe chupa zenye trisodiamu fosfeti badala ya asidi.

Majibu yakithibitika, msitegemee jiko. Kuchemsha kunaitoa kemikali kwenye maji na kuiingiza kwenye hewa ya jikoni mnayoivuta. Klorini haiigusi. Taa ya urujuanimno peke yake, ya aina inayoua vijidudu, haiigusi pia. Jagi lenye chujio dogo la mkaa hujaa upesi na halikuambii limejaa. Tumieni maji mengine kwa kunywa na kupikia, na kama kipimo ni kikubwa punguzeni kuoga kwa maji ya moto ndani ya chumba kilichofungwa.

Mtambo unaotumika zaidi kwenye kisima cha nyumba au cha kijiji ni mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa ili kunasa kemikali, na mkaa wa vifuu vya nazi hufanya kazi vizuri kuliko wa makaa ya mawe kwa kemikali hii. Fungeni matangi mawili yanayofuatana, na bomba la kuchukulia sampuli katikati. Pimeni hapo kila mwezi. MTBE ikitokea katikati, tangi la pili lisogezwe liwe la kwanza, na lenye mkaa mpya liwekwe nyuma. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kusubiri itokee mwishoni. Mkaa huishika MTBE kwa unyonge. Benzeni au mboji ikija, huisukuma itoke, na kuna wakati maji yanayotoka huwa na MTBE nyingi kuliko yanayoingia. TBA nayo hupita mkaani karibu bila kizuizi.

Mnara wa kupulizia hewa unawezekana kwa visima vikubwa, ila usipangwe kwa vipimo vya benzeni: MTBE hutaka hewa mara 100 hadi 200 ya ujazo wa maji au zaidi, na mvuke unaotoka juu unahitaji kusafishwa. Ozoni pamoja na peroksidi ya hidrojeni huivunja kweli, lakini kama maji yana bromidi hutengenezwa bromati, ambayo ina kikomo chake, na kazi ikiachwa nusu hubaki TBA. Penye oksijeni ya kutosha wapo bakteria wanaoila MTBE mpaka mwisho. Aina iliyochunguzwa sana ni Methylibium petroleiphilum. Wanahitaji muda wa kukua, hawapendi kukatiziwa hewa, na kwenye mkondo uliotandaa kilomita nzima si rahisi kuwafikishia oksijeni yote wanayoihitaji.

Neno kuhusu kilichochukua nafasi yake. Ethanoli huliwa na bakteria haraka, lakini katika kuila humaliza oksijeni ambayo ingetumika kwa benzeni, hivyo mkondo wa benzeni hurefuka. Ambako etha nyingine zilitumika, kuna TAME, ETBE na DIPE, zenye tabia zinazofanana na za MTBE. Kwa hiyo mnapojaza fomu ya maabara msiandike "petroli" tu, kwani mtapimiwa benzeni na jamaa zake basi. Andikeni kila jina: benzeni, MTBE, TBA, TAME, ETBE, DIPE, na ombeni kwamba kwa benzeni na etha hizo maabara iweze kuripoti hadi mikrogramu 0.5 kwa lita.